Atafune Kitu

Girish alikuwa amegawa nusu ya unga wa kikohozi juu ya kigae cheupe, vilima vidogo vinavyolingana, na alikuwa akikunja karatasi ya kilima cha kwanza pale chupa ilipotua mbele yake kwa kishindo. Vilima viwili vya pembeni vikaungana kuwa kimoja.

"Chukueni vidonge vyenu," alisema Bi Zamzam.

"Shikamoo, Bi Zamzam."

"Marahaba. Chukueni vidonge vyenu."

Girish aliutazama unga uliovurugika, akaweka chini kisu chake cha mfupa, akashusha pumzi. Asubuhi hiyo alikuwa amekwisha bishana na mtu aliyetaka kunywa dawa ya macho ili imfikie kwa ndani, na mwingine aliyerudisha chupa tupu akidai haikumsaidia. Hakuwa mtu wa kupandisha sauti. Alipokerwa sauti yake ilizidi kushuka, hata wateja wakawa wanainama juu ya kaunta ili wamsikie.

"Vimefanya nini?" aliuliza.

"Viulize vyenyewe. Ndugu yangu amekuwa ubao."

Kutoka nyuma ya kabati la vioo ilisikika sauti ya Natvarlal, mwenye duka. "Chupa ikishafunguliwa hairudi."

"Siyo hivyo, kaka," alijibu Girish.

Natvarlal alikuwa baba yake mdogo. Kwa Kigujarati ndugu wa baba huitwa kaka, na kwa kuwa Girish alimwita hivyo mbele ya wateja tangu utotoni, nusu ya Kariakoo iliamini kwamba hao wawili walizaliwa na mama mmoja.

"Mwambie huyo kaka yako mwenye umri wa babu yangu kwamba sikuja kudai hela," alisema Bi Zamzam. "Nimekuja kuwarudishia sumu yenu."

Duka lilikuwa upande wa Mnazi Mmoja unaoelekea Kariakoo, kwa hiyo wateja wake walitoka pande zote mbili, na Bi Zamzam alijulikana pande zote mbili. Alikuwa akiuza uraibu barazani kwake, karibu na Mtaa wa Msimbazi: majani ya tambuu, kokwa za popoo, chokaa na tumbaku, na tambuu zilizokwisha kunjwa kwa wenye haraka. Mdogo wake, Awadhi, alikuwa fundi wa magodoro ya sufi, na watu walisifu mshono wake kabla hajaanza kusikia sauti. Sasa, katika mwaka huo wa 1958, alikuwa amerudi kutoka hospitali ya wagonjwa wa akili huko bara, na alikuwa akimeza vidonge vya aina mbili. Vikubwa vilikuwa vya kunyamazisha sauti. Vilifanya kazi hiyo vizuri, lakini viliukausha mwili wake kama kuni, hata akawa anatembea bila kupunga mikono. Kwa hiyo Daktari Marcelino akamwongezea vidogo, vya kulegeza mwili. Vidogo hivyo vilimfungua. Jirani mmoja alimwona ameketi uani na sindano yake ndefu, anashona foronya ya godoro, na habari hiyo ilifika mpaka dukani.

"Siku zile chache alikuwa mtu," alisema Bi Zamzam. "Ananiuliza chumvi iko wapi. Anamsalimia kila anayepita. Halafu akaanza tena. Mkono unatetemeka, macho hayapepesi. Na mate. Mlisema kinywa kitakauka, na kweli kilikauka. Sasa kinatiririka kama cha mtoto anayeota meno."

"Vidonge vikubwa anameza?"

"Namtia mwenyewe mdomoni, namfunua na ulimi nione kama kimeshuka."

"Na vidogo?"

"Na vidogo."

"Hajaruka hata siku moja?"

"Girish, unaniona mimi mtoto wa darasa la kwanza?"

"Hapana. Nauliza tu. Pombe?"

"Awadhi ni Mwislamu."

"Mtaani kwenu wapo Waislamu wanaokunywa."

"Wapo, na ukitaka majina nitakutajia. Awadhi hamo."

"Bangi?"

"Hamo."

"Dawa ya mganga?"

"Mganga nilimwacha siku ile ile nilipokuja kwenu. Nilitaka nijue kati yenu nani mwongo."

"Chakula je? Anakula kitu chochote ambacho si cha kawaida yake?"

"Wali, maharage, samaki akipatikana. Kama watu." Alivuta ushungi wake, akaisukuma chupa mpaka ikagusa kigae. "Kesho asubuhi simpi kitu. Vikubwa wala vidogo. Heri anisikilizishe hizo sauti zake kuliko kukaa na gogo."

Girish alijua maana ya maneno hayo, na Bi Zamzam alijua zaidi. Mwaka uliopita Awadhi alijiona amepona, akaacha vidonge kimyakimya. Sauti zikarudi. Alikwenda mpaka Magogoni, akapanda kivuko cha Kigamboni, akawaamuru abiria wateremke kwa sababu sakafu imetoboka. Alisema kwa utulivu, kama mtu wa serikali, na watu wakateremka kweli na kuku wao na vikapu vyao, wakasimama ufukweni kutazama kivuko kikavu. Polisi walikuja baadaye. Safari hii, hospitali ilipomwachia, Bi Zamzam aliambiwa waziwazi kwamba akirudishwa tena hatatoka upesi.

"Usiviache," alisema Girish. "Nipe siku ya leo. Jioni nitakuja nimwone."

"Uje umwone ufanye nini? Wewe daktari?"

"Siyo daktari."

"Basi njoo, lakini chupa nakuachia."

"Chukua chupa, Bi Zamzam. Nakuomba."

Aliichukua, lakini aliichukua kama mtu anayeokota kitu cha mwingine njiani, kwa vidole viwili, akaondoka bila kuaga.

Daktari Marcelino alipita kabla ya mchana. Alikuwa Mgoa, mrefu, mwenye chumba cha kutibia ghorofa ya jirani, na kila msimu wa mvua alisahau mwavuli wake na kuja kuazima wa Natvarlal. Girish alimweleza.

"Amekakamaa tena?" Daktari alisugua macho. "Basi ongeza vidogo. Mpe asubuhi na jioni."

"Daktari, kama kimoja kilimtosha mwanzoni, mbona sasa hakimtoshi?"

"Girish, laiti ningejua kila kinachofanyika ndani ya fuvu la Awadhi. Wanaotengeneza vidonge hivi wenyewe bado wanabishana." Alikaa juu ya sanduku la maji ya waridi. "Inawezekana mwili umezoea. Inawezekana hamezi. Inawezekana dada yake anampa nusu na nusu anamwekea jirani, hilo nimeliona. Unataka kwenda kumwangalia? Nenda. Mimi nikienda naonyeshwa mgonjwa aliyeogeshwa na kuvishwa kanzu. Wewe watasahau kwamba upo."

"Na mimi je?" aliuliza Natvarlal. "Akienda kuangalia mgonjwa, nani atauza?"

"Wewe, Natvarlal. Duka lina jina lako."

Natvarlal alisema kitu kwa Kigujarati ambacho Girish hakukitafsiri.

Kabla ya kutoka, Girish alifanya alichokuwa akikifanya kila shaka ilipomwingia: alianza na mikono yake mwenyewe. Alishusha kopo la vidonge vidogo, akalinganisha maandishi ya kopo na ya karatasi ya daktari, akamwaga vidonge kadhaa kiganjani, akavitazama ukubwa, rangi na mstari wa katikati. Vilikuwa ndivyo. Akaangalia kopo lililokuwa kando yake, kama labda alichota huko kwa makosa. Haikuwezekana, lakiri ya mfuniko wa kopo hilo ilikuwa haijavunjwa. Alivirudisha vyote mahali pake akiwa amekereka zaidi kuliko kama angegundua kosa. Kosa angelisahihisha.

Jioni aliwakuta Bi Zamzam na Awadhi barazani. Sinia la uraibu lilikuwa mahali pake pa siku zote, majani yamefunikwa kwa kitambaa kibichi, popoo zimekatwa vipande vyembamba, chokaa ndani ya kopo dogo. Awadhi alikuwa ameketi kwenye mkeka, mgongo umenyooka mno, mikono juu ya mapaja kama ya mtu anayepigwa picha. Kidole gumba cha kulia kilikuwa kikijisugua na cha shahada bila kukoma. Pembeni yake alikuwa mzee Eliakimu, mtu wa kusini aliyekuwa akifanya kazi karakana ya reli Gerezani na aliyepanga chumba cha nyuma.

"Karibu, mtu wa dawa," alisema Eliakimu. "Leo tunakaa na Wahindi."

"Starehe, mzee. Shikamoo. Bwana Awadhi, hujambo?"

Ilichukua muda. Midomo ya Awadhi ilifunguka polepole. "Sijambo," alisema, na sauti haikupanda wala kushuka.

Kabla Girish hajaketi vizuri, Bi Zamzam alikuwa amekwisha paka jani chokaa, amenyunyiza popoo, amelikunja na kumwekea kiganjani. Hakumuuliza kama anataka. Mgeni hakuulizwa. Girish alikulia katika nyumba ambayo Ranjanben, mke wa Natvarlal, hakuinuka kwenye chakula cha mchana bila tambuu yake, na alijua kwamba kuirudisha ile iliyokunjwa kwa ajili yako ni kumrudisha aliyeikunja. Akaitia mdomoni.

Akaanza maswali yake upya, taratibu. Analala? Analala. Anapata choo? Eliakimu akacheka, akasema yeye ndiye anayesubiri nje ya choo, kwa hiyo anaweza kutoa ushahidi. Anaona vizuri? Awadhi alisema anaona. Girish alitaka kuuliza tena, akashindwa, kwa sababu kinywa chake kilikuwa kimejaa mate. Joto lilimpanda usoni, jasho jembamba likamtoka juu ya mdomo. Hakuwa mtafunaji wa kila siku. Aligeuka kutafuta kopo la kutemea, na kopo lilikuwa mbele ya Awadhi, limejaa nusu, jekundu. Alitema. Alipoinua kichwa macho yake yakawa sawa na shavu la Awadhi. Shavu lilikuwa limevimba.

"Ana nini mdomoni?" aliuliza.

"Uraibu," alisema Bi Zamzam.

"Tangu lini?"

"Tangu ulipomwandikia."

"Nani alimwandikia?"

"Wewe."

Girish alimtazama. Bi Zamzam alikuwa akikata popoo, mkasi ukilia kwa mpigo ule ule.

"Bi Zamzam, mimi sijamwandikia mtu tambuu maisha yangu yote."

"Siku ile ya vidonge vidogo, ulinieleza nini? Dawa hii itamkausha kinywa, hilo usiogope, ndiyo kazi yake. Nikakuuliza, sasa nimfanyeje, maana anashindwa hata kumeza ugali. Ukamuuliza daktari wako kwa Kiingereza, daktari akajibu, ukanigeukia ukasema: atafune kitu, mate yatoke. Ulisema au hukusema?"

Girish kweli alikuwa amesema. Alikumbuka hata kidole cha daktari kikionyesha shavu. Daktari alikuwa na maana ya kipande cha limau, au peremende, au chochote kile. Naye akatafsiri neno kwa neno, akiwa amesimama kwenye kaunta, mbele ya mwanamke anayeuza tambuu, katika mji ambao ukisema fulani anatafuna hakuna anayeuliza anatafuna nini.

"Sikuwa na maana ya tambuu," alisema kwa sauti ya chini sana.

"Ulikuwa na maana ya nini, kamba?"

Eliakimu alikohoa ndani ya ngumi yake.

"Na anatafuna mara ngapi?"

"Kila akimeza kidonge namfuatishia moja. Nilipoona mwili unakauka tena nikamzidishia. Na wageni wakija wanampa. Mimi nilifuata ulichosema, Girish. Sikukosea hata siku moja."

Hilo ndilo lililomkera kuliko yote. Hakukuwa na uzembe wa kuulaumu. Kila mtu alifanya kazi yake kwa makini kabisa, na kwa makini hayo hayo walikuwa wakimtia Awadhi dawa kwa mkono mmoja na kuitoa kwa mwingine.

"Popoo ndiyo inayomkausha mwili," alisema.

Mkasi ulisimama.

"Nisikilize kwanza," alisema Girish haraka. "Lile benchi la muuza kahawa hapo kona. Anayekaa na kuagiza, anamiminiwa, siyo? Ndani ya ubongo, na ndani ya mwili wote, kuna mabenchi kama hayo, madogo hayaonekani kwa jicho. Mwili una wajumbe wake. Yupo mmoja ambaye kila akipata nafasi anakaa na kuagiza: mate yatoke, misuli ikaze, mkono utetemeke. Yupo mwingine kwenye benchi lake, anamzuia asizidishe. Vidonge vikubwa, vile vya sauti, vimekaa kwenye benchi la huyu wa pili. Sauti zimenyamaza, lakini wa kwanza amebaki peke yake, anaagiza anavyotaka. Umenifahamu?"

"Endelea."

"Kidonge kidogo kinakwenda kukaa kwenye benchi la huyo wa kwanza. Kinakaa tu. Hakiagizi chochote. Mjumbe akija anakuta pamejaa. Ndiyo maana mwili unalegea. Na ndiyo maana kinywa kinakauka, ni jambo lile lile moja."

"Kama wale vijana wanaokaa kwa muuza kahawa tangu alasiri mpaka usiku bila kununua," alisema Eliakimu.

"Kabisa, mzee. Na popoo inakuja kwenye benchi hilo hilo, inasukuma, inakaa, inaagiza. Inaagiza kama mjumbe mwenyewe. Angalia mimi nilivyotokwa na mate kwa moja tu."

Bi Zamzam alifikiri. "Kwa hiyo popoo ni mteja, na kidonge chenu ni mhuni."

"Siyo mhuni."

"Umesema mwenyewe. Anakaa, hanunui."

"Bi Zamzam, kwa Awadhi huyo asiyenunua ndiye tunayemtaka."

"Mama yangu alitafuna mpaka anakufa, hakuwa ubao. Mimi natafuna. Nusu ya mtaa huu inatafuna kutoka mkononi mwangu. Wote wamekauka?"

"Hawamezi vidonge vikubwa."

"Basi kosa ni la vidonge vikubwa."

"Hata. Ndiyo, lakini..." Girish alishika kichwa. "Ukivitoa hivyo, atarudi Magogoni."

Eliakimu alitazama miguu yake.

"Na wewe umelijuaje hili la popoo?" aliuliza Bi Zamzam. "Mbona asubuhi hukulijua?"

"Asubuhi hukuniambia anatafuna."

"Hukuniuliza. Uliuliza pombe, ukauliza bangi, ukauliza mganga. Uliuliza chakula. Tambuu ni chakula?"

"Siyo chakula."

"Ni dawa?"

"Siyo dawa." Alisita, kwa sababu hakupenda kusema uongo hata mdogo. "Yaani, iko dawa inayotokana na popoo. Inaitwa arekolini. Tunaiuza dukani. Kitabu changu kinasema mnyama akizidishiwa, anatokwa mate na kutetemeka, na kinachomtuliza ni dawa ya jamii ya mnanaha, ule mmea wa sumu. Vidonge vidogo vinafanya kazi kama mnanaha. Nilisoma hayo zamani, sikuyaunganisha."

"Mnyama gani?"

Girish alijua kwamba hapa ingefaa anyamaze.

"Mbwa," alisema. "Ni dawa ya minyoo ya mbwa. Wazungu wananunua."

Eliakimu alishindwa kujizuia, akacheka mpaka akatema tambuu yake yote. Bi Zamzam hakucheka. Alifunika popoo zake kwa kitambaa, polepole, kama mtu anayemfunika mtoto asisikie matusi.

"Umekula tambuu yangu," alisema, "kwenye baraza yangu, na mdomo wako bado mwekundu, unaniambia nawauzia watu dawa ya mbwa."

"Sikusema hivyo."

"Mzee Eliakimu, amesema au hakusema?"

"Mimi nimo kwenye benchi tu," alisema Eliakimu. "Siagizi."

"Mnaniongelea kama godoro," alisema Awadhi.

Wote waligeuka. Alikuwa hajasogea, macho yake yalikuwa mbele, lakini aliyatoa maneno yale kwa juhudi, moja moja, na mate yakamshuka pembeni mwa mdomo. Bi Zamzam akamfuta kwa ncha ya kanga bila kufikiri.

"Samahani, Bwana Awadhi," alisema Girish. "Nilipaswa kukuuliza wewe kwanza."

"Bila hiyo kinywa kinakuwa majivu."

"Najua. Tutatafuta kitu kingine cha kumumunya. Ukwaju. Ukwaju unaleta mate kwa uchachu wake, haugusi lile benchi."

"Ukwaju ni wa wenye mimba," alisema Bi Zamzam.

"Limau basi."

"Siyo mate," alisema Awadhi. Alisubiri mpaka ulimi wake ukamtii. "Wakija hapa, Selemani, na wale wa sokoni. Wanajua nilikuwa wapi. Wananipa tambuu. Nachukua. Tunatafuna. Basi tumekaa." Kidole gumba kiliendelea kujisugua. "Nikikataa, watasema bado."

Girish alimtazama Awadhi, akaitazama mikono yake mwenyewe yenye doa la chokaa. Yeye, mzima, mwenye kazi, mwenye jina, alishindwa kukataa tambuu moja jioni ile. Vipi amtake mtu aliyetolewa kwenye kivuko na polisi akatae kila siku, mbele ya kila mgeni?

"Usiposhona, na usipoweza kusimama, pia watasema bado," alisema hatimaye.

"Najua," alisema Awadhi.

Bi Zamzam alifyonza. Ilikuwa fyonzo ndefu, iliyoelekezwa kwa wote na vidonge vyao. Kisha akakifunua tena kitambaa, akachukua jani moja la tambuu, akaligeuza huku na huku.

"Hili lina benchi?"

"Jani?" Girish alifikiri. "Sijui vizuri. Linaposifiwa au kulaumiwa vitabuni, ni kwa ajili ya popoo. Nadhani jani peke yake halina nguvu hiyo. Siwezi kuapa."

"Sijakwambia uape. Chokaa?"

"Chokaa bila popoo haina kazi."

"Tumbaku?"

"Tumbaku hapana. Ina benchi lake."

"Kungumanga?"

"Hapana. Ikizidi nayo inacheza na kichwa."

"Haya. Nazi?"

"Nazi haina neno."

"Karafuu? Iliki?"

"Karafuu kidogo sawa. Iliki sijui. Nitasoma."

"Kila nikishika kitu kina benchi," alisema Bi Zamzam. "Sijui ninyi mnaishije na vichwa vyenu." Lakini vidole vyake vilikuwa vimekwisha anza. Alikata nazi kavu vipande vyembamba kama anavyokata popoo, akatia kipande cha ukwaju kilichotolewa kokwa, akachomeka karafuu moja, akakunja. Kwa macho haikutofautiana na nyingine. "Toa hiyo," alimwambia mdogo wake, na kumsogezea kopo.

Awadhi alitema. Ilimchukua muda, na Bi Zamzam akamfuta tena. Akamtia ile mpya. Awadhi alitafuna, uso wake ukiwa vile vile, kisha jicho moja likajikunja.

"Chachu," alisema.

"Chachu ndiyo mate," alisema dada yake. "Tafuna."

Eliakimu aliinama kumtazama mdomo. "Kuna jambo hamkulifikiri. Haitakuwa nyekundu. Selemani ana macho. Ataona mtu anatema maji."

Bi Zamzam na Girish walitazamana, na kwa mara ya kwanza siku ile walichoshwa na kitu kimoja.

"Rangi ile wanayotia kwenye ubuyu," alisema Bi Zamzam.

"Sijui ina nini ndani yake."

"Bila shaka hujui."

"Nitauliza wanaoitengeneza."

Kulikuwa na tambuu zilizokwisha kunjwa tangu mchana, mafungu mawili ndani ya kitambaa kibichi: za biashara, na za Awadhi za usiku na kesho. Za Awadhi zilikuwa nyingi, kwa sababu ya wageni. Walianza kuzifungua moja moja. Girish alitoa popoo kwa ncha ya kidole na kufuta jani, Bi Zamzam akatia nazi na ukwaju na kukunja upya. Kazi ilikwenda polepole. Majani mengine yalichanika, na kila lilipochanika Bi Zamzam alimtazama Girish kama yeye ndiye aliyeupanda mti wake. Mara mbili Girish alimwuliza kama ana hakika fungu lile ndilo, siyo la biashara, na mara ya pili hakujibiwa.

Mwadhini aliita magharibi. Eliakimu aliinuka akaenda ndani kuwasha taa yake. Bi Zamzam alinyunyizia maji kitambaa, akafunika fungu lililobaki, ambalo halikuwa limefika hata nusu.

"Ziache. Naenda kuswali."

"Hizo zilizobaki asipewe."

"Nimekusikia."

"Hata mgeni akimwekea mkononi."

"Girish, nimekusikia. Akimwekea mkononi nitaichukua nile mimi."

Girish alisimama, akapangusa suruali. Chupa ya vidonge ilikuwa imefungwa kwenye pindo la kanga ya Bi Zamzam, alikuwa ameliona umbo lake tangu alipoketi, na muda wote huo hakuthubutu kuitaja.

"Na asubuhi?" aliuliza. "Vidonge?"

Bi Zamzam alikuwa amekwisha chukua kopo la maji ya udhu. Alimtazama Awadhi, ambaye alikuwa bado anatafuna, taratibu, jicho likijikunja kila mara.

"Asubuhi njoo na jibu la iliki," alisema. "Kabla sijafungua biashara. Ukichelewa, sitakusubiri."

"Nitakuja."

"Na uje na mikono iliyonawa. Kuna zote hizi za kufungua."

Akaingia ndani. Girish alibaki akitafuta viatu vyake gizani chini ya ngazi ya baraza, akijaribu kukumbuka ni kitabu kipi kati ya vyake vichache kilichokuwa na habari za iliki.